Mji Mkongwe na wenyewe waliohama: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nimesoma chuo cha Kurani Kiponda, nimeoa nikiwa Kiponda, na sasa nakaa Fuoni, nje ya mji. Hayo yanatosha kunifanya niulizwe. Naulizwa ndani ya daladala, naulizwa harusini na sahani ya biriani iko mkononi, naulizwa kwa simu na jamaa walioko Muscat na London ambao wameondoka hapa wangali watoto. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa mara moja ili mdomo wangu upumzike. Palipo na sheria nimeitaja sheria. Pengine pote ni maoni yangu, na anayetaka kuyakataa ana haki yake.

Mji Mkongwe unaanzia wapi, unaishia wapi?

Ni ile rasi iliyochongoka kuelekea magharibi, ambayo bahari imeizunguka pande tatu. Upande wa nne palikuwa na pwani ndogo. Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa peke yake, na daraja la kuvukia ndilo lililozaa jina la Darajani. Waingereza waliifukia pwani ile kidogo kidogo, ikapita barabara ambayo wazee bado wanaiita Creek Road ijapokuwa sasa ni ya Benjamin Mkapa. Ndani ya barabara hiyo kuna Shangani, Forodhani, Hurumzi, Kiponda, Malindi, Mkunazini, Sokomuhogo, Kajificheni, Vuga na vijimtaa vingine ambavyo majina yake yamebaki kwenye ndimi za watu tu. Nje yake ni Ng'ambo.

Mtoto wa zama zangu hakusema "Mji Mkongwe." Alisema "mjini," na wa Ng'ambo naye alisema anakwenda mjini hata kama nyumba yao iko ng'ambo ya barabara tu. Hilo jina la sasa tumelizoea baadaye, lilipokuja pamoja na vibao.

Wenyewe hasa wa mji huu ni nani?

Hili ndilo swali linaloharibu mazungumzo, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Kabla ya majumba ya mawe palikuwa na kijiji cha wavuvi upande wa Shangani. Sayyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa ikaleta fedha, na fedha ikaleta mawe. Waarabu wakajenga, Wahindi wakajenga juu ya maduka yao. Vibanda vya udongo na makuti vilivyokuwa ndani ya rasi vikaondoka kimoja kimoja, na wenye vibanda wakavuka daraja. Wakati ule hakuna aliyeandika kwamba mji umepoteza sura yake ya zamani. Waliohama hawakuwa na wa kuwaandikia.

Hata huko Ng'ambo hawakuachwa. Ardhi waliyojengea vibanda ilikuwa na wenyewe, wengi wao wa upande huu wa mawe, na kodi ya ardhi ikawa inapanda. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia kodi isipande ovyo. Mie huwakumbusha hili vijana wanaodhani mambo ya kodi na kuhamishwa yameletwa na watalii.

Halafu ikaja 1964, mwaka wa Mapinduzi. Wengi wa wenye majumba wakakimbia au wakafukuzwa, nyumba zikataifishwa, na serikali ikawaweka humo watu kutoka Ng'ambo, kutoka mashamba na kutoka Pemba. Jumba lililokuwa la tajiri mmoja likawa na familia sita, saba, nane. Ukumbi uligawiwa kwa mapazia na mbao, jiko likawekwa darini, na kodi ilikuwa ndogo mno. Sisi tulikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na nyumba yao, kwa sababu babu alikuwa mtu mdogo na nyumba yake ilikuwa ndogo. Nimekua nikicheza na watoto waliohamia nyumba ya jirani, na hao leo ni wazee wenzangu, nao wanasema "mtaa wetu." Nani atawaambia si wao?

Kwa hiyo anayeniuliza wenyewe ni nani, namuuliza: wa mwaka gani?

Lakini si kweli kwamba nyumba zilikuwa zinaanguka? Bora hoteli kuliko gofu.

Ni kweli, na sitaki kuwadanganya waliozaliwa baada yake. Miaka ya themanini mvua za masika zikianza tulikuwa tunalala kwa kusikiliza. Ukisikia kishindo usiku, asubuhi unakwenda kutazama ni ya nani.

Sababu iko kwenye namna nyumba zenyewe zilivyojengwa. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, mnene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa kwenye dirisha miguu ikiwa juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya mjini ni virefu na vyembamba, maana boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana. Ukuta wa namna hiyo unaishi maadamu juu pamefunikwa na maji hayaingii. Paa likitoboka, maji yanashuka ndani ya ukuta, udongo unalainika, vichwa vya boriti vinaoza mle vilimopachikwa, na siku moja ghorofa ya juu inashuka yote. Mpangaji anayelipa kodi ndogo hatengenezi paa la serikali, na serikali haikuwa na fedha ya kutengeneza mapaa mia kadhaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jumba likaanguka hivyo hivyo.

Serikali ilipofungua biashara katikati ya miaka ya themanini na kuanza kuwauzia watu binafsi baadhi ya nyumba zake, walionunua ndio walioezeka upya. Nyumba kadhaa zilizosimama leo Hurumzi na Shangani zisingesimama bila hoteli. Hilo nalikubali waziwazi.

Sasa ubaya uko wapi?

Njoo Kiponda saa moja ya usiku, baada ya magharibi, utazame madirisha ya juu. Hesabu yenye taa ya mtu anayepika.

Nyumba hizi zilitengenezwa kwa ajili ya majirani. Kibaraza cha nje si pambo. Ndipo mgeni wa mume alipokaa asije akaingia ndani kwa wanawake, ndipo muuza samaki alipotua tenga lake, ndipo wazee walipongojea adhana, na mvua ikinyesha uchochoro ukawa mto, kibaraza ndiyo njia ya kupitia. Juu, nyumba na nyumba ziliunganishwa na vivuko, na mama yangu aliweza kwenda kumtazama mwanamke aliyejifungua mtaa wa pili bila kutia mguu barabarani wala kuvaa buibui. Alikuwa akishusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani na muuza mkate anatia boflo. Duka la chini lilikuwa linapima mafuta ya taa, sukari robo, majani ya chai ya senti. Leo duka hilo linauza vinyago vya twiga. Unguja haina twiga.

Uhaba wa watu unaonekana pia msikitini. Iko misikiti ya mtaani ambayo alfajiri ilikuwa na safu tatu na sasa haifiki safu moja, na anayeadhini anatoka Mwanakwerekwe kwa baskeli. Vyuo vya Kurani vimepungukiwa watoto. Mtu akifa mjini, wanaokuja kuzika wanashuka kwenye madaladala ya Fuoni, Kisauni na Bububu. Watoto wa mtaa wamekuwa wageni wa mtaa.

Na liko hili dogo ambalo halitoki moyoni. Mwaka juzi nilikuwa natoka Darajani, goti likaniuma, nikakaa kwenye kibaraza cha nyumba niliyozaliwa. Sasa ni hoteli, jina silitaji. Akaja kijana wa ulinzi, mpole kabisa, akanipa shikamoo, kisha akasema, "Babu, samahani, hapa ni kwa wateja." Nikamuuliza kwao wapi, akanambia Wete. Nikasimama. Kosa si lake, yeye analipwa kusema hivyo.

Nani aliwafukuza watu?

Watu wanataka niwatajie mtu. Hayupo. Mambo huenda hivi.

Mzee anafariki. Hata arubaini haijafika, dalali ameshapita kutoa pole na kutazama urefu wa dari. Warithi ni kumi na tatu: watano wako Unguja, watatu Dar es Salaam, waliobaki Oman na Uingereza. Nyumbani anakaa dada mmoja, mjane, na watoto wake. Bei inatajwa kwa dola. Walioko nje wanasema iuzwe kila mtu achukue haki yake, na kisheria hawana kosa, haki yao ni haki. Dada hana fedha ya kuwanunua wenzake kumi na wawili. Fungu lake halimpatii hata chumba kimoja hapo mjini, ila linampatia kiwanja Mwera au Tunguu na matofali ya kuanzia. Basi anahama, na anahama na fedha mkononi, kwa hiyo hakuna wa kumwita aliyefukuzwa.

Mpangaji yeye anaondoka kwa njia fupi zaidi. Mwenye nyumba anagundua kwamba chumba kikikodishwa kwa usiku kinalipa kuliko kwa mwezi. Mkataba ukimalizika hauandikwi mwingine. Na anayetaka kufungua duka anaambiwa kilemba, yaani fedha ya kupewa mlango kabla ya kodi yenyewe, ambacho muuza sukari hawezi kukitoa.

Tuna nyumba ya urithi na warithi ni wengi. Tufanye nini?

Kwanza malizeni mirathi. Nasema kwanza na nasisitiza. Nyumba nyingi zimepotea kwa sababu marehemu wa kwanza hakugawiwa, akafa wa pili, akafa wa tatu, mafungu yakaingiana, mpaka hata kadhi anahitaji karatasi kubwa kuyafungua. Mke akiwa na watoto ana thumuni yake, mtoto mwanamume ana mara mbili ya mwanamke: hesabu yenyewe si ngumu siku ile ile, inakuwa ngumu baada ya miaka arubaini.

Pili, kuuza si njia pekee. Nyumba inaweza kukodishwa kwa miaka maalumu kwa masharti kwamba mkodi ataitengeneza, na mwisho wa muda irudi kwa warithi. Mkataba uandikwe na wakili wenu, msikubali uandikwe na wakili wake. Na andikeni ndani yake kwamba chumba kimoja, au hata kile kibaraza, kinabaki cha familia. Mtacheka. Baadaye mtaniambia.

Tatu, msimpe dalali mmoja karatasi za asili. Kopi inatosha kumwonesha.

Nyumba za wakfu zinaweza kuuzwa?

Wakfu kwa asili yake hauuzwi, haupewi mtu, haurithiwi. Aliyeweka wakfu amemkabidhi Mungu mali ile na manufaa yake yaende alikosema: msikitini, kwa maskini, au kwa kizazi chake. Sehemu kubwa ya nyumba za Mji Mkongwe ni wakfu, na zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa rai yangu, kama bado kuna familia za kipato kidogo ndani ya mji, wakfu ni moja ya sababu kubwa, kwa sababu kodi zake kwa muda mrefu zilikuwa nafuu. Lakini kodi nafuu ndiyo ile ile isiyotosha kuezeka. Hapo ndipo mvutano wenyewe ulipo: kodi ikipandishwa ili nyumba ipone, mpangaji anaondoka.

Mgeni anaweza kumiliki nyumba hapa?

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya serikali, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia. Mgeni hupata kwa mkataba wa kukodishwa kupitia utaratibu wa uwekezaji. Tangu sheria ya 2010 ya kumiliki sehemu za jengo, yaani fleti ndani ya jengo moja, mlango wa wageni umepanuka, na mengi ya hayo yako kwenye miji mipya kama Fumba. Anayekuambia ameshamuuzia mgeni "moja kwa moja" ametumia jina la Mzanzibari. Jina hilo likigeuka siku moja, usinipigie simu.

Nikitaka kutengeneza nyumba yangu naanzia wapi?

Mamlaka ya Mji Mkongwe. Iliundwa 1985, na hupigi nyundo, hupaki rangi nje, huongezi ghorofa wala hutundiki bango bila ruhusa yake. Watu wanailaumu kwa ucheleweshaji, lakini usikwepe, maana ukisimamishwa katikati ya kazi na paa liko wazi utapoteza zaidi.

Na tafadhali, simenti iache. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Ukiufunika kwa simenti, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba kama mandazi na baada ya misimu miwili mitatu inadondoka na vipande vya ukuta. Tafuta fundi anayejua chokaa, iliyolowekwa muda wa kutosha. Wapo, wamezeeka, na wengine wamefundisha vijana.

Kama mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, si umelindwa?

Umeorodheshwa tangu mwaka 2000. Orodha hiyo ina uzito, lakini haishiki ukuta usianguke. Tarehe 25 Disemba 2020 Beit el Ajaib, jumba alilolijenga sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa, na likaua watu wawili. Wakati huo lilikuwa ndani ya matengenezo. Nilikwenda kusimama Forodhani jioni ile. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyepaza sauti.

Na jina linaweza kufutwa kwenye orodha yenyewe. Liverpool ya Uingereza iliondolewa 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya gatini. Hapa kwetu, jumba la Mambo Msiige pale Shangani lilipogeuzwa hoteli, iliyofunguliwa 2015, Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililounganishwa nalo. Hoteli ipo, na sisi tungali kwenye orodha.

Jambo ambalo watu hawalioni ni kwamba kanuni zote hizi zinazungumzia mawe, milango, madirisha na urefu wa jengo. Ukitoa familia saba ndani ya jumba, ukaacha mlango wa kuchonga na misumari yake ya shaba mahali pake, hujavunja kifungu chochote.

Kwa nini unalia na Mji Mkongwe tu? Ng'ambo je?

Umesema kweli. Ng'ambo ina wakaazi wengi zaidi na haina wa kuilia. Ili maghorofa marefu ya Michenzani yajengwe baada ya Mapinduzi, vibanda vya watu vilivunjwa, na waliovunjiwa wakapewa fleti. Leo biashara inapanda kutoka Darajani kuelekea huko, na uwanja wa nyumba ya udongo Kikwajuni au Mlandege una bei ambayo mwenye nyumba hakuiota. Ukitaka kujua yaliyotokea Kiponda yalianzaje, nenda Mlandege sasa hivi ukakae na wazee wanaocheza dhumna.

Watalii ndio adui?

Hapana. Mwanangu anafanya kazi hotelini, na mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake. Mwaka 2024 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya 700,000, na kisiwa hiki hakina karafuu ya kutosha kulipa badala yake. Ninachokitaka ni hesabu ya vitanda. Kila mtaa uwe na kikomo cha nyumba za kulaza wageni, kijulikane na sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, kibandikwe ukutani. Sijasikia kiongozi akiahidi hilo wakati wa kampeni.

Na ile kahawa ya Jaws Corner, kijiwe cha mazungumzo hapo mjini, bado ipo?

Ipo. Nenda baada ya isha, vikundi vya wageni vikishapita. Siasa bado zinazungumzwa kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Chukua sarafu, muuzaji hana chenji.

Wewe mwenyewe nyumba yenu iliuzwaje? Ulikataa?

Tulikuwa kumi na watatu. Karatasi ililetwa Fuoni na mdogo wangu, siku ya Jumapili, baada ya chakula. Sahihi yangu ni ya tisa kutoka juu. Dada yetu aliyekuwa akikaa ndani aliweka ya mwisho, kwa dole gumba, ijapokuwa anajua kuandika. Kwa fungu langu nilimalizia paa.